Muda wa Kutazama: Kambi za Watengenezaji wa Filamu za Mazingira

Kambi ya watengenezaji wa filamu ni mpango ambao taasisi, tamasha au mfuko wa ruzuku humwalika mwongozaji au mwandishi akae mahali fulani kwa wiki au miezi kadhaa, apewe malazi, chakula na posho, ili afanye kazi moja tu: kuukuza mradi ambao bado haujawa filamu. Anaingia na wazo, kurasa chache za muswada au saa kadhaa za picha ghafi. Anatoka na muswada ulionyooka, bajeti inayoeleweka, na mara nyingi mashaka mapya kuhusu jambo alilodhani analijua. Walengwa ni wanaojitegemea, wasioajiriwa na kituo cha televisheni wala kampuni kubwa, kwa sababu hao ndio wasiolipwa na mtu yeyote katika hatua hiyo ya kufikiri.

Mfano ulioigwa zaidi ulianzia Marekani mwaka 1981, mwigizaji Robert Redford alipoanzisha Taasisi ya Sundance katika milima ya Utah na kuwaita waongozaji chipukizi wafanyie kazi miradi yao pamoja na wakongwe wa fani. Redford alikuwa pia mtetezi wa mazingira. Tamasha la Cannes lilifuata mwaka 2000 na kambi ya Paris, ambako mwongozaji huishi miezi minne na nusu akiandika. Venice ikaja na utaratibu mkali zaidi: Biennale College, iliyoanza mwaka 2012, huchuja miradi katika warsha, kisha ile michache inayoteuliwa hupewa fedha itengenezwe na kuonyeshwa katika tamasha linalofuata. Cannes hutoa upweke, Sundance hutoa walezi, Venice hutoa tarehe ya mwisho. Kambi nyingi zilizoanzishwa baadaye huchanganya hayo matatu kwa vipimo tofauti.

Miradi ya mazingira ina shida inayoifanya kambi iwe na umuhimu wa pekee. Mazingira hayafuati kalenda ya mfadhili. Ruzuku ya kawaida ni ya mwaka mmoja au miwili, ilhali ukame ulioanza kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 2020 ulimeza misimu mitano ya mvua mfululizo. Mwongozaji aliyeanza kupiga picha Marsabit au Wajir mwaka 2021 kwa ruzuku ya miaka miwili alikuwa amemaliza fedha mvua iliporudi mwaka 2023. Mwaka huohuo haujaisha, El Niño ikaja na mafuriko katika maeneo yaleyale ambako mifugo ilikuwa imeteketea kwa kiu. Filamu ya namna hiyo si ya ukame tena, na si ya mafuriko. Ni ya misimu iliyopoteza mpangilio, na ya watu ambao maarifa yao yote ya kuhama na kulisha yalijengwa juu ya mpangilio huo. Kuliona jambo hilo kunahitaji kukaa na picha za miaka yote kwa pamoja, bila simu ya kazi nyingine. Anayejitegemea, ambaye kati ya safari moja na nyingine hupiga picha za harusi na matangazo ili alipe kodi ya nyumba, hana nafasi hiyo.

Filamu zilizofaulu katika uwanja huu zinathibitisha gharama ya muda. Thank You for the Rain ya mwaka 2017, aliyoiongoza Julia Dahr wa Norway kwa kushirikiana na Kisilu Musya, mkulima wa ukanda mkavu wa mashariki mwa Kenya, ilichukua takriban miaka mitano. Musya alipewa kamera, akarekodi mwenyewe shamba, familia na dhoruba, hadi alipokwenda Paris mwaka 2015 kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. The Elephant Queen, ya Mark Deeble na Victoria Stone, ilipigwa kwa miaka minne Tsavo. Between the Rains, ya Andrew H. Brown na Moses Thuranira, inamfuata kijana mfugaji wa Kiturkana akikua wakati malisho yanakauka, na mwaka 2023 ilipata tuzo ya filamu bora ya makala katika tamasha la Tribeca, New York. Kijana hakui kwa ratiba ya uzalishaji.

Hapo ndipo historia ya Afrika Mashariki inapoingia, na haipendezi. Kwa miongo mingi waliokuwa na muda wa kuitazama ardhi hii kwa kamera walikuwa wageni. Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walikuja na ndege yao iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama wa Serengeti, na filamu waliyoitoa mwaka 1959 ikapata Oscar mwaka uliofuata. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka kabla kazi haijakamilika. Filamu ilisaidia kuifanya Serengeti ijulikane dunia nzima kama pori lisilo na watu. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Haitakuwa haki kusema filamu ndiyo iliyowahamisha, lakini taswira ya nyika tupu ilijengwa na watu waliokuwa na miezi ya kukaa, na wafugaji waliokuwa wamekaa hapo muda wote hawakuwa na kamera. Baada ya akina Grzimek wakaja watengenezaji wa filamu za wanyama, Alan Root na wengine, waliopiga kambi porini kwa miaka, wakitoa kazi nzuri mno kwa macho, zilizotazamwa zaidi London na New York kuliko Arusha au Voi.

Kipaji cha wenyeji hakikuwahi kuwa tatizo, na siku hizi hata vifaa si tatizo kubwa, kwa kuwa kamera ya bei ya wastani hutoa picha inayokubalika katika tamasha lolote. Kilichobaki bila kugawanywa sawa ni muda unaolipiwa. Kambi ni jaribio la kuugawa upya.

Barani Afrika majaribio hayo yamechukua sura mbalimbali. Mwaka 2004 mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, iliyowafunza waandishi na waongozaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Nairobi ina Docubox, mfuko wa filamu za makala ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge, ambao huambatanisha fedha na warsha pamoja na malezi ya muda mrefu. Afrika Kusini kuna Realness, kambi ya waandishi wa filamu za kubuni iliyofanyika katika bustani ya sanaa ya Nirox nje ya Johannesburg. Hizi zote hupokea miradi ya mazingira bila kuitenga. Inayoishughulikia peke yake ni NEWF, iliyoanzishwa Afrika Kusini na Noel Kok na Pragna Parsotam-Kok. Kwa kushirikiana na National Geographic Society, NEWF imewafunza Waafrika wengi kupiga picha za wanyama na kuandaa filamu za asili. Kazi yake ya kufundisha kupiga mbizi huko Sodwana Bay inastahili kutajwa kwa namna ya pekee: bara lenye pwani ndefu namna hii lilikuwa na Waafrika wachache sana waliolipwa kuipiga picha bahari kutoka ndani ya maji.

Yanayotendeka ndani ya kambi huonekana vizuri zaidi kwa kuufuata mradi wa aina moja. Uchukuliwe mradi kuhusu mikoko ya Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Tangu mwaka 2013 wanakijiji, kupitia mpango wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na mapato huenda kwenye maji, shule na mahitaji mengine ya kijiji. Kwenye karatasi hadithi hii imekamilika. Mbele ya kamera haipo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni imefungwa ndani ya tope, na tope halina sura. Mwongozaji akifika kambini na saa ishirini za picha za mizizi, kaa na akina mama wakipanda miche, mlezi wake atamuuliza swali moja tu kwa wiki nzima: mtazamaji ataona nini kikibadilika? Polepole jibu hutoka nje ya msitu na kuhamia barazani. Mkutano wa kijiji unaoamua fedha ziende kwenye paa la shule au bomba la maji una mvutano, una sura za watu, una anayeshinda na anayeondoka amenuna. Mikoko haipotei kwenye filamu. Inageuka kuwa kitu ambacho watu wanakigombania, na hapo ndipo mtazamaji wa Mbeya au Goma anapoanza kujali.

Baada ya hapo kambi hugeukia ratiba, na huko pia bahari ndiyo inayoamua. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, watu huingia msituni kupanda na kupima, kisha maji hurudi kwa kasi. Siku za maji mafu hakuna kikubwa cha kupigwa huko. Siku kumi za kupiga picha basi haziwezi kupangwa mfululizo kama mwenye fedha anavyopenda. Hutawanywa kwenye bamvua tatu, yaani zaidi ya mwezi mzima, na gharama za malazi, mashua na posho za wasaidizi hupanda. Kuna pia upepo. Sauti iliyorekodiwa ufukweni wakati wa kusi mara nyingi haifai kitu, na mhariri atalazimika kuirudia studio. Mambo haya mzaliwa wa Gazi anayajua bila kufundishwa. Kinachomshinda ni kuyaandika katika bajeti kwa lugha ambayo mfadhili wa Amsterdam hataiona kama uzembe wa kupanga, na kambi nzuri humfundisha hilo bila kumfanya aone haya kwa kile anachokijua.

Vibali navyo huchukua sehemu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nchini Kenya kuna leseni ya kupiga picha, na droni ina masharti yake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania kuna Bodi ya Filamu, na anayeingia hifadhi ya taifa hukutana pia na TANAPA na ada zake. Mradi usio na sura ya vibali ndani ya maandishi yake huonekana haraka kuwa haujakomaa.

Lakini tunda kubwa la kambi mara nyingi ni kugeuka kwa mradi wenyewe. Philippa Ndisi-Herrmann alikwenda Lamu kutengeneza filamu kuhusu ujenzi wa bandari mpya. Kazi ilipokamilika mwaka 2018, kwa jina New Moon, ilikuwa imekuwa safari yake ya kuingia katika Uislamu, na bandari imebaki nyuma kama kishindo kinachoukaribia mji. Mfadhili anayehesabu mada angesema ameahidiwa bandari akapewa dini. Hata hivyo, ni filamu chache zinazoeleza kwa uaminifu kama huo kile ambacho mradi mkubwa wa miundombinu unakitishia: namna ya kuishi, si samaki na mikoko pekee. Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho alipita Biennale College na This Is Not a Burial, It's a Resurrection, filamu ya kubuni ya mwaka 2019 kuhusu bibi kizee mjane anayekataa kuondoka kijijini mwake, ambako bwawa litafunika makaburi ya watu wake. Anayeijua Lesotho anajua kuwa maji ya milima yake yamekuwa yakielekezwa Afrika Kusini kwa mabwawa makubwa. Filamu haitoi takwimu hata moja, na haihitaji. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Wanuri Kahiu alikuwa ameonyesha kwa Pumzi, filamu fupi ya kubuni inayoiweka Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, kwamba mada hii si mali ya filamu za makala peke yake.

Suala linalohitaji ujasiri zaidi ni usalama wa wanaopigwa picha. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004 na kuteuliwa kuwania Oscar, ilitengenezwa Mwanza na kandokando ya ziwa. Ilieleza jinsi sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, alivyowamaliza furu na samaki wengine wa asili, huku minofu ikipakiwa ndegeni kwenda Ulaya na wenyeji wakibaki na mapanki. Watanzania wengi waliijua kwa jina hilo tu, filamu ya mapanki. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwa kuichafua nchi, na madai ya filamu kuhusu ndege hizo kuleta silaha yalipingwa vikali. Baadhi ya Watanzania waliokuwa wamemsaidia mwongozaji walijikuta matatani wakati yeye yuko Ulaya. Filamu ile ina nguvu, na mengi iliyoyasema kuhusu ziwa ni kweli. Ila mzani wa hatari ulielemea upande mmoja, na wa upande huo ndio waliobaki Mwanza.

Kambi za leo zinazojali hulifanya jambo hili kuwa somo la kudumu. Mwongozaji hutakiwa kuorodhesha kila anayeonekana kwenye filamu na kueleza nini kinaweza kumpata filamu ikionyeshwa kwenye televisheni ya taifa, ikisambazwa WhatsApp, au ikitazamwa na mwajiri wake. Ridhaa huombwa kwa lugha anayoielewa mhusika, zaidi ya mara moja, kwa kuwa mvuvi aliyekubali mwanzoni hakujua kwamba miaka mitatu baadaye picha yake itaunganishwa na tuhuma dhidi ya kampuni. Mradi kuhusu bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, hauwezi kuanza kwa dhati bila mjadala huo. Anayelalamikia fidia ya shamba lake ana jirani, ana mwenyekiti wa kijiji, na bado ataishi hapo.

Kwa upande wa fedha, mashirika ya uhifadhi ndiyo wafadhili wa asili wa filamu hizi, nayo yana hadithi yanayoipenda: askari wa wanyamapori shujaa, jangili mbaya, tembo anayeokolewa. Wakati mwingine hadithi hiyo ina ukweli na ina matokeo. Virunga ya mwaka 2014 ilitoka wakati kampuni ya Uingereza ya SOCO ikitafuta mafuta ndani ya hifadhi ya Virunga, Kongo, na miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kusitisha kazi zake humo, kukiwa na shinikizo kutoka pande nyingi. Pamoja na hayo, mazingira ya Afrika Mashariki yamejaa migogoro isiyo na jangili wala shujaa. The Battle for Laikipia, ya Daphne Matziaraki na Peter Murimi, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2024, inawaweka uso kwa uso wafugaji wanaotafuta malisho na wenye ranchi za enzi ya ukoloni, na kumwacha mtazamaji na uzito wa pande zote mbili. Mradi kama huo huzaliwa tu pale ambapo anayelipia kambi hana mamlaka juu ya uhariri. Jopo huru la kuchagua miradi, na mkataba unaomwachia mwongozaji neno la mwisho juu ya filamu yake, ni masharti ya msingi. Kambi isiyo nayo hutoa matangazo marefu.

Lugha ni kizuizi kinachozungumzwa kidogo mno. Fomu nyingi za maombi hudai Kiingereza au Kifaransa, na mwandishi wa Tanzania anayefikiri, kuhoji na kuandika kwa Kiswahili hushindana na wenzake akiwa na mkono mmoja nyuma. Muswada wake hutafsiriwa haraka ili mlezi ausome, na kinachopotea kwanza ni mazungumzo, yaani mahali hasa ambapo alikuwa hodari. Dawa yake inajulikana: kupokea maombi kwa Kiswahili, kuwalipa wasomaji wa Kiswahili, na kumpa kila mradi mlezi mmoja anayeusoma katika lugha yake. Jambo la pili ni familia. Posho inayotosha chakula cha mtu mmoja haimsaidii mama mwenye mtoto mchanga wala kijana anayewategemeza wazazi, na hivyo kambi huchuja watu kabla jopo halijakutana. Baadhi ya mipango sasa hugawa muda kwa vipande vifupi, wiki mbili hapa na wiki mbili baadaye, na huruhusu mtoto na mlezi wake kuja. Utaratibu huo una faida nyingine kwa miradi ya mazingira, kwa kuwa kati ya kipande na kipande mwongozaji hurudi alikotoka na kukuta msimu umebadilika.

Mahali pa kambi napo pana uzito. Nyumba tulivu ng'ambo ya bahari hutoa utulivu, na kwa mwandishi wa filamu ya kubuni huenda hilo latosha. Kwa filamu ya makala, umbali huzaa kasoro ya aina yake: mradi hunyooka kwenye karatasi mpaka unaacha kufanana na watu waliomo. Kambi iliyo karibu na eneo la filamu humwezesha mvuvi au mkulima kuja kutazama picha zilizopigwa na kusema wazi kwamba hivi sivyo ilivyokuwa. Pia hupunguza safari za ndege.

Mwisho wa kambi si mwisho wa kazi, na hapo mipango mingi huchoka. Onyesho la kwanza katika tamasha kubwa hufuatiwa na mkataba wa jukwaa la mtandaoni, na mkataba ukisainiwa bila uangalifu filamu hufungiwa mahali ambapo wahusika wake hawawezi kulipia. Kambi inayofundisha kuuza inapaswa kufundisha pia kubakiza haki ya kuonyesha bure vijijini. The Elephant Queen ilipata toleo la Kiswahili lililopelekwa kwa sinema tembezi nchini Kenya, na tamasha la ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, limekuwa na desturi ya kupeleka maonyesho nje ya Ngome Kongwe hadi vijiji vya Unguja na Pemba. Gharama zake zinafahamika: tafsiri, msimulizi, projekta, turubai, jenereta, gari na mtu wa kuongoza mazungumzo baada ya picha. Zikikosekana kwenye bajeti iliyoandikwa kambini, hazitapatikana tena.

Zinabaki picha ghafi. Filamu ya dakika tisini hutumia sehemu ndogo ya saa mia kadhaa zilizorekodiwa, na zilizobaki huishia kwenye diski inayoharibika katika kabati la mwongozaji. Kwa mazingira hiyo ni hasara kubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Katika mashauri ya namna hiyo, kitu kigumu kupatikana ni kumbukumbu ya jinsi bahari, ufuko na kazi ya watu vilivyokuwa kabla ya mashine kufika. Watengenezaji wa filamu wanazo kumbukumbu hizo, zikiwa na tarehe na mahali. Kambi chache zimeanza kutenga fedha za kuzihifadhi, kuziorodhesha na kukubaliana mapema na wanakijiji ni nani atakayeruhusiwa kuzitumia.